Jumba la Atiman na Nyumba Yetu ya Kawajense

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeifundisha darasani miaka mingi, na tumesahihisha insha nyingi za wanafunzi walioieleza kwa ufasaha, lakini maana yake tulichelewa kuielewa. Tuliielewa siku moja tulipokuwa tumesimama kando ya Barabara ya Sokoine, jijini Dar es Salaam, tukilitazama jumba kongwe linaloelekea bandarini. Miguu yetu ilikuwa Dar es Salaam, lakini mawazo yalirudi Kawajense, mjini Mpanda, kwenye kiwanja ambapo zamani ilisimama nyumba ya marehemu babu yetu.

Katika makala haya tutaeleza habari za nyumba hizo mbili. Moja imejengwa kwa mawe, nayo imesimama kwa zaidi ya miaka 150. Nyingine ilijengwa kwa udongo, haikutimiza hata miaka 60, na waliouangusha ukuta wake si adui wala mafuriko. Tuliuangusha sisi wenyewe.

Kawajense ni mojawapo ya kata za mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwa kuwa ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mji huu haukuzaliwa na bandari wala na ikulu ya mfalme. Ulikuzwa na madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba, na kwa ajili ya madini hayo ilijengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950. Reli ile ilishusha watu wa kila namna: Wanyamwezi, Waha, Wafipa na wengineo, waliokuja kutafuta kazi katikati ya miyombo. Babu yetu, Mnyamwezi, alikuwa mmoja wao. Mgodi uliposimama karibu na wakati wa Uhuru, wenzake wengi walipanda treni wakarudi kwao. Yeye alikuwa amekwisha kuoa binti wa Kibende kutoka Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Akaamua kubaki, na akiba yake yote akaitia katika nyumba.

Nyumba ile ilikuwa ya matofali mabichi, yaliyofyatuliwa kwa mikono na kuanikwa juani. Mbele palikuwa na baraza pana la udongo uliopigwapigwa ukawa mgumu kama jiwe. Katikati ilipita korido ndefu, na kila upande wa korido palikuwa na vyumba vitatu. Nyuma ulikuwapo ua wenye jiko, kisima na mwembe. Msomaji aliyekulia Tabora, Ujiji au Bagamoyo ataitambua ramani hiyo mara moja, kwani ndiyo nyumba ya Kiswahili iliyotoka pwani na kufuata njia za misafara, kisha ikafuata njia ya reli, mpaka ikafika kwetu. Babu hakuwahi kuiona bahari. Hata hivyo aliishi katika nyumba ambayo wazo lake lilizaliwa karibu na bahari.

Vyumba viwili vilikuwa vya familia, na vinne vilikuwa vya wapangaji. Alikaa humo fundi wa reli na mkewe. Alikaa mwashi kutoka Kasulu. Alikaa karani kijana ambaye kila jioni alitusomea gazeti la wiki iliyopita. Siku hizi watu wakisema jumba la wapangaji hufikiria ghorofa za mjini. Lakini ile nayo ilikuwa jumba la wapangaji, ila ghorofa zake zilikuwa zimelala chini. Watu wa makabila manne walitumia jiko moja na kisima kimoja, na Kiswahili ndicho kilichowaamua walipogombana.

Jioni wote walikutana barazani, na hapo ndipo bibi alipotusimulia habari za Daktari Atiman wa Karema. Bibi alipokuwa mtoto alipata kidonda kibaya cha mguu. Mama yake alimbeba mgongoni hadi misheni ya Karema, akitazamia kumkuta daktari Mzungu. Alimkuta mzee mweusi, aliyekiosha kidonda kile, akakifunga, akamsemesha mtoto kwa upole hadi kilio kikakoma. Bibi alikuwa akitufunulia kovu lake tulione. Kisha husema: "Mtu yule aliuzwa kama mbuzi, akafa kama mkuu wa ukoo." Sisi tulilitazama kovu, tukacheka, tukakimbilia mchezo. Hatukuuliza aliuzwa wapi, wala na nani.

Miaka ikapita. Babu na bibi wakafariki dunia, wapangaji wakatawanyika, na mchwa wakaingia katika boriti. Ukoo ukaitisha kikao. Baba yetu mdogo alitaka ijengwe nyumba ya matofali ya saruji na bati la rangi, nyumba ambayo mgeni akiiona atajua kwamba watoto wa mzee wamesoma. Wakatugeukia sisi: "Mwalimu, nawe wasemaje?" Tulijibu kwamba nyumba ya udongo si mali, na kwamba mtu haishi katika kumbukumbu. Jibu lile liliwapendeza wote. Hata sisi wenyewe tuliliona la kisomi.

Siku ya kubomoa, lipu ya chumba cha babu ilipodondoka, ulionekana ukuta wa ndani uliojaa maandishi ya mkaa. Kumbe ndicho kilichokuwa kitabu chake cha kodi. Palikuwa na majina ya wapangaji, na mbele ya kila jina mistari ya miezi waliyolipa. Baadhi ya majina yalikuwa na alama ya msalaba au ya mwezi mwandamo, labda kwa kukumbuka sikukuu zao. Chini, karibu na sakafu, zilikuwapo alama za urefu wa watoto, na miongoni mwake jina la baba yetu. Tulisema tutakwenda kuchukua daftari tunakili. Tulipofika na daftari ukuta ulikuwa chini. Na mlango wa mbele, wa mbao za mninga, uliochongwa na babu kwa mkono wake, tuliukuta umekwisha kupasuliwa, unapikia ugali wa mafundi. Hatukumlaumu mtu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ule ni mlango wa kutunzwa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo moyoni tulipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kikazi. Tulipanda treni Mpanda, tukapita Kaliua na Tabora, tukashuka na Reli ya Kati hadi pwani. Siku moja, baada ya kazi, tukaenda kutembea katikati ya jiji.

Katika mitaa ya zamani ya biashara bado yapo maghorofa ambayo chini ni maduka na juu ni makazi, mengine yakiwa yameandikwa juu ya uso wake jina la mwenye kuyajenga na mwaka. Majumba ya namna hii yana historia ya taifa zima. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Familia zilizokuwa na nyumba zikawa wapangaji au zikahama nchi. Wengine ambao hawakuota kuishi mjini wakapata funguo. Ukuta ni uleule, lakini kila kizazi kina maneno yake juu yake. Mengi ya majumba hayo yamevunjwa, na mahali pake pamesimama minara ya vioo.

Tulifika ufukweni, na hapo tukauliza jina la jumba moja kongwe. Tukaambiwa: "Hilo ni Jumba la Atiman."

Tulishtuka. Atiman yupi? Atiman wa Karema, mzee wa kovu la bibi? Naam, ni yeye.

Historia ya jumba hilo inaanza na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Katika miaka ya 1860 Majid aliamua kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, mahali penye bandari iliyokingwa na mawimbi. Alijenga kasri, nyumba za wageni na nyumba za jamaa zake. Jumba hili lahesabiwa kuwa la mwaka 1866 au karibu na hapo, na yasemekana lilijengwa kwa ajili ya wake wa Sultani. Jirani yake ni Boma la Kale, lililojengwa wakati uleule kwa wageni wa Sultani. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake, Barghash, hakuuendeleza mji. Kasri likawa magofu, likatoweka. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, walikuta majengo machache tu ya enzi ya Majid yaliyofaa kutumiwa. Mwaka 1922 jumba hili lilikwenda mikononi mwa wamisionari wa Shirika la White Fathers, likawa makazi na mahali pa kufikia wasafiri wao. Baadaye likapewa jina la Atiman.

Ni vema tueleze jinsi nyumba za namna hii zilivyojengwa, kwa sababu ufundi huo ni sehemu ya elimu ya watu wa pwani, wala haukuletwa na meli ya Mzungu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu meta au zaidi, na unene huo ndio unaozuia joto la mchana lisiingie ndani. Mawe huunganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo hupatikana kwa kupanga magogo mengi duara, kupakia matumbawe juu yake na kuyachoma. Kisha unga wake humwagiwa maji na kuachwa muda mrefu uive kabla ya kutumiwa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ndizo zinazoamua upana wa chumba. Mkoko mzuri wa kubeba dari hauzidi sana meta tatu, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Mjenzi hakuulazimisha mti urefuke, bali alikifuatisha chumba na mti. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo na chokaa, na watu hupigapiga kwa siku nyingi mpaka sakafu ya dari ikawa kitu kimoja. Mlango ndio uso wa mwenye nyumba: miimo miwili, kizingiti, na mfaa katikati, vyote vikiwa vimechongwa.

Tulipoyatafakari hayo tulimwona babu yetu. Mtu wa pwani alichoma matumbawe kwa magogo; mtu wa Mpanda hupanga matofali, akawasha moto wa miyombo chini ya tanuri. Mtu wa pwani alipiga dari kwa mti. Babu alipiga baraza kwa mti. Mtu wa pwani alichonga mvule na msaji. Babu alichonga mninga. Tofauti ilikuwa ya mali na ya vifaa, wala si ya akili. Sisi tulioitwa wasomi ndio tuliotenganisha, tukasema hii ni historia na ile ni udongo.

Sasa tuseme habari za mwenye jina. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, na huko Algeria wamisionari wakamkomboa kwa fedha. Alipelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 aliwasili Karema, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Karema ilikuwa na ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, nayo ilikabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Huko Atiman alitibu watu, akafundisha, akaoa mwanamke wa huko, na mwanawe Joseph akawa padre mwaka 1923. Hakurudi tena Niger. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90, baada ya kuwatumikia watu wa ziwa kwa miaka 67.

Msomaji atazame hesabu hii. Mtu na jumba ni rika moja. Mwaka ambao Sultani alijenga nyumba ufukweni mwa Bahari ya Hindi, huku dola yake ikitegemea jasho la watumwa mashambani na biashara ya watu sokoni, ndio mwaka ambao, mbali upande wa pili wa Afrika, alizaliwa mtoto atakayeuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Leo mpita njia hataji jina la Sultani mbele ya jumba lile. Hutaja jina la mtumwa. Bibi yetu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa na historia hiyo yote katika sentensi moja na kovu moja la mguu, nasi tukaikimbia kwenda kucheza.

Je, majengo haya yanalindwaje? Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 huhesabiwa kuwa la kale moja kwa moja. Milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 nayo imetajwa katika sheria hiyo. Majengo ya baada ya 1863 huhitaji kutangazwa na Waziri ndipo yapate ulinzi. Basi jumba la mwaka 1866 limeukosa mwaka huo wa mpaka kwa miaka mitatu! Usalama wa nyumba kama hizo hutegemea watu wanaotambua thamani yake na kusema mapema. Boma la Kale limepata watu wa namna hiyo: lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa ujenzi wa Dar es Salaam.

Na nyumba ya Kawajense? Hiyo haimo katika sheria yoyote, wala hatudai iwemo. Serikali haiwezi kuweka mlinzi katika kila nyumba ya udongo, na wala hatusemi watu wakae chini ya boriti zilizoliwa na mchwa ati kwa kuwa ni utamaduni. Nyumba huzeeka kama mtu, na ina haki ya kufa. Lakini mtu hafi bila kuulizwa usia. Sisi hatukuiuliza nyumba ile usia wake. Hapo ndipo penye kosa letu, nasi tunaliungama mbele ya wanafunzi wetu ili wasilirudie.

Mwezi Desemba mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi walidhani utamaduni maana yake ni ngoma tu. Ngoma ni utamaduni, na nyumba pia ni utamaduni. Mahali mlango unapoelekea, mtu anayeruhusiwa kupita barazani na anayefika uani, idadi ya familia zinazotumia jiko moja: hayo yote ni fikra za watu zilizogeuzwa kuwa kuta.

Tuliporudi Mpanda tuliwapa wanafunzi wetu kazi moja. Kila mmoja achague nyumba ya zamani katika mtaa wake, aipime kwa hatua, achore ramani yake, na awaulize wazee maswali matano: nani aliijenga, udongo na miti vilitoka wapi, nani wamewahi kupanga humo, nani alizaliwa au alifia humo, na jambo gani lilisemwa barazani ambalo bado linakumbukwa. Baadhi walileta kurasa mbili tupu za lawama kwamba wazee hawataki kusema. Wengine walileta hazina. Msichana mmoja wa Kawajense aligundua kwamba nyumba ya jirani yao ilikuwa na mpangaji aliyetoka nyumba ya babu yetu. Alituletea jina la yule karani aliyetusomea magazeti. Tulilisoma jina hilo mara tatu, kwa maana lilikuwa jina la kwanza kurudi kutoka ukuta tuliouangusha.

Nyumba mpya ya ukoo imekwisha jengwa, na ni imara. Ramani yake haikuwa na baraza, kwa kuwa ilinakiliwa kutoka nyumba za mjini ambako watu hukaa ndani wakafunga mlango. Tulimwomba fundi aongeze baraza mbele, la saruji, refu kama lile la babu. Baba yetu mdogo alinung'unika juu ya gharama, lakini siku hizi ndiye wa kwanza kukaa hapo jua likipunga.

Jioni watoto huja. Huwa tunawasimulia habari za mtoto wa Niger aliyeuzwa, akawa tabibu wa Karema, kisha jina lake likaandikwa juu ya jumba la wafalme. Kovu la bibi hatunalo la kuwaonyesha. Basi tumewapa daftari, nao wanaandika.